Kujifunza Hung Gar mjini Foshan: je, ni sawa mwalimu kunibakiza kwenye msimamo wa farasi kwa miezi?

Mtoto wa Tanga ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu nyote kwa heshima.

Mimi ni Mtanzania ninayesoma chuo kikuu mjini Guangzhou. Tangu mwaka huu wa masomo ulipoanza, kila Jumamosi hupanda treni ya chini ya ardhi ya njia ya Guangfo hadi Foshan, nikashuka kituo cha Zumiao, kwenda kujifunza Hung Gar, mtindo wa kung fu wa kusini mwa China, kwa mwalimu mmoja mzee anayefundisha uani, nyuma ya duka la familia yake. Niliuchagua mtindo huu kwa sababu ni wa huku huku mkoa wa Guangdong, na kwa sababu ulinivutia jinsi unavyotegemea miguu iliyokita chini na mikono mizito, tofauti na karate niliyocheza nilipokuwa sekondari.

Hadi leo ninachofundishwa ni msimamo wa farasi, yaani kusimama miguu ikiwa imetanuliwa na magoti yamekunjwa kama mtu aliyepanda farasi, namna ya kutoka kwenye msimamo huo kwenda kwenye msimamo wa upinde, ambao mguu wa mbele hukunjwa na wa nyuma hunyooshwa, ngumi ya kwenda mbele, na zoezi la kugonganisha mikono na mwenzangu. Mfuatano wa kwanza wa miondoko ya mtindo, yaani Gung Ji Fuk Fu, nimeonyeshwa sehemu ya mwanzo tu, nayo pia ni kusimama palepale huku mikono ikienda polepole kwa kujikaza. Wenzangu wa chuoni wanaojifunza Wing Chun, mtindo mwingine wa kusini, tayari wanashindana kwa mikono wawili wawili, na wananiambia kwamba mzee ananipotezea muda.

Naomba ushauri wa wenye uzoefu katika mambo matatu. Kwanza, nitajuaje kama mwalimu ananifundisha kwa mpangilio au ananishikilia tu bila sababu? Pili, magoti yameanza kuniuma, hasa ninapopanda ngazi za bweni. Tatu, na hili ndilo linaloniondolea usingizi, mwalimu amesema kwamba nikiendelea vizuri atanipokea rasmi kuwa mwanafunzi wake kwa sherehe ya kumpa chai, mbele ya picha za walimu waliotangulia na madhabahu ya Guan Yu yenye udi unaowaka. Mimi ni Mwislamu. Sitaki kumvunjia heshima mzee aliyenipokea vizuri, wala sitaki kufanya jambo ambalo imani yangu hainiruhusu.

Mpingo amejibu:

Ndugu Mtoto wa Tanga, nilijifunza Hung Gar Hong Kong katika tawi linalotokana na bingwa Lam Sai-wing, na sasa ninafundisha kikundi kidogo Mombasa. Nitajibu swali lako la kwanza kwa urefu, kwa kuwa nimewaona vijana wengi wakiuacha mtindo huu mahali hasa ulipofika wewe.

Umesema kwamba sehemu ya mwanzo ya Gung Ji Fuk Fu ni kusimama palepale huku mikono ikienda polepole kwa kujikaza, na umeitaja kana kwamba bado hujapewa kitu. Hiyo ndiyo sehemu yenye thamani kubwa kuliko zote katika mfuatano ule. Katika Hung Gar mkono kuanzia kiwiko hadi kiganja huitwa daraja, kwa maana kwamba hapo ndipo wewe na mpinzani mnapokutana, na sehemu unayofundishwa ndiyo inayojenga hayo madaraja juu ya miguu isiyotikisika. Mtu asiyeweza kukaa kwenye msimamo wa farasi atajifunza mikono huku makalio yakipanda na kushuka, mabega yakiingia masikioni, na kosa hilo akishalizoea litamfuata hadi Fu Hok, mfuatano wa chui milia na korongo, na huko kulisahihisha ni kazi ngumu mno.

Hata hivyo, msimamo wa farasi si mtihani wa kuvumilia maumivu, na hapa sikubaliani na walimu wanaojisifu kwamba waliwaacha wanafunzi wasimame tu mpaka miguu itetemeke. Hakuna mtu anayepigana akiwa amesimama vile. Ni umbo ambalo mwili hulipitia kwa sekunde chache unapomsukuma mtu, unapomwangusha, au unapozama chini ya mkono wake, na linafundishwa likiwa limesimama ili nguvu itakayotoka ardhini ipite nyonga na mgongo bila kuvuja kabla haijafika mkononi. Kwa sababu hiyo, msimamo usiojaribiwa na mtu mwingine haujafundishwa kikamilifu. Tazama mwalimu wako anafanya nini ukiwa umesimama. Je, anakuja kukusukuma kifuani na ubavuni? Je, anaukandamiza mkono wako chini na kuuvuta mbele, kisha anakuonyesha ni wapi mwili wako umekatika? Je, anakurekebisha nyonga, viwiko na macho kwa mkono wake mwenyewe? Akifanya hivyo unafundishwa, tena kwa kina, hata kama hujaona mwondoko mpya kwa majuma mengi. Akiwa anahesabu dakika tu kisha anaondoka, una haki ya kuwa na shaka.

Zoezi la kugonganisha mikono nalo lina mpaka wake. Sisi huliita Saam Sing, nyota tatu, kwa kuwa mikono hukutana katika sehemu tatu, na faida yake ya kwanza si kuufanya mfupa uwe sugu bali kukufundisha umbali, pembe, na kugeuza kiuno kwa wakati unaofaa. Anzeni taratibu mno. Dawa ya kuchua wanayoitumia Foshan, dit da jow, hupakwa juu ya ngozi isiyo na jeraha, na kamwe hainywewi, maana baadhi ya michanganyiko yake ina mizizi ya akoniti ambayo ni sumu.

Baada ya Gung Ji utaingia Fu Hok, kisha mfuatano wa wanyama watano, au wa wanyama watano pamoja na elementi tano kama ilivyo katika matawi mengi, na mwisho kabisa Tit Sin, waya wa chuma, ambao asili yake inahusishwa na Leung Kwan, bingwa wa Guangdong wa karne ya 19 aliyejulikana kwa jina la Tit Kiu Saam. Huo hufundishwa mwisho kwa sababu ya maana: ni kujikaza mwili mzima pamoja na pumzi na sauti, na mtu anayejikaza huku amezuia pumzi hupandisha shinikizo la damu. Ukikutana na mtu anayekuahidi Tit Sin katika mwezi wa kwanza, mkimbie.

Kipepeo amejibu:

Mimi ni mwanafunzi wa Wing Chun, kwa hiyo wenzako wa chuoni ni ndugu zangu katika mtindo, lakini sikushauri uhame kwa sababu waliyokupa.

Wing Chun pia huanza kwa kusimama. Siu Nim Tau, mfuatano wetu wa kwanza, hufanywa wote bila kupiga hatua hata moja, na walimu wakali humrudisha mtu hapo kila mara hata akiwa ameshafika kwenye mtu wa mbao, yaani gogo lenye mikono ya kufanyia mazoezi. Inaonekana kwenda haraka kwa sababu mtaala wake ni mfupi: mifuatano mitatu ya mikono mitupu, mtu wa mbao, fimbo ndefu na visu viwili. Ip Man, aliyezaliwa Foshan mwaka 1893 na kuanza kufundisha hadharani Hong Kong mwaka 1950, alikuwa na wanafunzi wengi waliokuwa wafanyakazi wa mjini wenye muda mchache, na ufundishaji wenye mazoezi mengi ya watu wawili uliwafaa. Lakini zoezi la mikono inayonatana, wanalolifanya wenzako, likifanywa na watu ambao miundo ya miili yao haijakaa huwa ni kusukumana tu, na mwenye misuli mikubwa hushinda kila siku bila mmoja wao kujifunza chochote. Chagua kwa kutazama mwili wako na umbali unaopenda kupigania. Hung Gar huchukua nafasi pana zaidi, mikono yake hupiga kwa mizunguko mirefu na mifupi, na huhitaji nyonga imara. Sisi tunakaa karibu, katikati, viwiko vikiwa ndani.

Nina neno juu ya historia, kwa sababu najua mwalimu wako atakusimulia, na ukienda kwenye hekalu la Zumiao utakuta kumbukumbu ya Wong Fei-hung, bingwa wa Hung Gar, na ya Ip Man ndani ya eneo moja. Utaambiwa kwamba mitindo yote ya kusini imetoka kwa watu watano waliookoka hekalu la Shaolin la kusini lilipochomwa na watawala wa Qing, nasaba ya mwisho ya kifalme ya China, na kwamba Hung Hei-gun, anayesimuliwa kuwa mwanzilishi wa Hung Gar, alikuwa mwanafunzi wa mtawa Jee Sin. Simulizi hii ilienea kupitia vyama vya siri vilivyopinga enzi ya Qing na kupitia riwaya za mwishoni mwa enzi hiyo, na hata leo miji mitatu ya Fujian, yaani Putian, Quanzhou na Fuqing, kila mmoja unadai kwamba hekalu hilo lilikuwa kwake. Tang Hao, mwanahistoria wa Kichina, alishaandika katika miaka ya 1930 akikosoa hadithi za namna hii kuhusu Shaolin, na wengi wa wenye mitindo hawakumfurahia. Isikilize simulizi kwa heshima, maana ndani yake mmehifadhiwa maadili ya watu wale, lakini usimchague mwalimu kwa kuwa nasaba yake inafika kwa mtawa. Kinachoweza kufuatiliwa kwa uhakika ni kifupi zaidi: Wong Kei-ying, mwanawe Wong Fei-hung, kisha wanafunzi kama Lam Sai-wing na Tang Fong, ambao mistari yao ina tofauti zinazoonekana wazi katika mifuatano ileile. Hata huyo Wong Fei-hung tunayemjua sana ni wa filamu, zilizoanza kutoka Hong Kong mwaka 1949 Kwan Tak-hing akimwigiza. Yule halisi alikuwa mganga wa mifupa na majeraha mwenye zahanati iliyoitwa Po Chi Lam, ambayo iliteketea katika machafuko ya Guangzhou ya mwaka 1924.

Jambo lingine dogo: chuoni kwako huenda wanafundisha nanquan ya mashindano, ambayo ilitungwa na mamlaka za michezo za China kwa kuchota miondoko ya Hung Gar, Choy Li Fut na mitindo mingine ya kusini. Ni mchezo mzuri unaodai wepesi na miruko, lakini sicho unachokifuata Foshan, kwa hiyo usiipime kazi ya mzee wako kwa kipimo hicho.

Mtaalamu wa Viungo amejibu:

Nafanya kazi ya fiziotherapia, na nitajibu kuhusu magoti tu. Paja likiwaka moto wakati umesimama, hiyo ni misuli inayofanya kazi. Maumivu yaliyo mbele ya goti au chini ya kikombe chake, yanayokuja ukipanda au kushuka ngazi, mara nyingi ni dalili kwamba goti linabebeshwa mzigo ambao nyonga ilipaswa kuubeba, na ukiendelea hivyo hivyo hayataisha yenyewe.

Fanya hivi kwa sasa. Inua msimamo wako mpaka pale ambapo maumivu ya goti hayapo kabisa, hata ukionekana umesimama juu kuliko wenzako. Hakikisha kila goti linaelekea upande uleule ambao vidole vya mguu vinaelekea, kwa maana wengi hulazimisha nyayo zitazame mbele huku nyonga zao haziruhusu, na goti linabaki limejipinda katikati. Usiruhusu magoti yaingie ndani unapochoka. Yakianza kuingia, simama wima upumzike. Simama kwa vipindi vifupi vingi badala ya kimoja kirefu, na siku nyingine za wiki fanya mazoezi ya kuimarisha makalio na nyuma ya mapaja. Goti likivimba, likikwama, au likikuachia ghafla unapotembea, acha mazoezi na umwone daktari hospitalini. Mwalimu wa dawa za kuchua hawezi kuiona menisko, yaani gegedu ya ndani ya goti, iliyochanika kwa kuipapasa.

Bi Saada amejibu:

Mwanangu, nimeishi Guangzhou miaka mingi nikiwakalimania wafanyabiashara wetu, na mwanangu wa kuzaa amefundishwa na mwalimu wa mtindo wa kusini, kwa hiyo sherehe hiyo nimeihudhuria na kuulizwa maswali kama yako.

Kwanza ujue uzito wa unachoahidiwa. Mwanafunzi anayelipa ada na kuja Jumamosi ni mgeni aliyekaribishwa barazani, lakini aliyepokelewa kwa chai ameingia ndani ya nyumba. Baada ya hapo mwalimu ni baba yako wa sanaa, mkewe utamwita simou, waliokutangulia ni kaka zako hata wakiwa wadogo kwako kwa umri, na utatarajiwa kufika kwenye karamu ya mwaka mpya, kusaidia wakati wa ngoma ya simba, na kuonekana msibani. Wengi wa wageni huridhika na cheo cha mwanafunzi wa kawaida kwa muda wote wanaokaa hapa, wakafundishwa vizuri, wala hakuna aibu yoyote. Usione kwamba lazima uharakishe.

Siku ikifika, mambo yenyewe huwa hivi: mwanafunzi hutoa kikombe cha chai kwa mikono miwili, mara nyingi akiwa amepiga magoti, hutoa bahasha nyekundu yenye fedha, na watu huepuka kiasi chenye tarakimu 4 kwa kuwa huko huhesabiwa kuwa ya nuksi. Kabla ya hapo nyumba nyingi huwasha udi na kuinama mbele ya picha za walimu waliofariki na mbele ya Guan Yu, yule jemadari wa kale ambaye watu wa kung fu humheshimu kwa uaminifu wake. Kumpa chai mzee wako kwa heshima ni adabu ya kibinadamu, ingawa kuhusu kupiga magoti umuulize mtu mwenye elimu ya dini unayemwamini. Udi na kuinama mbele ya madhabahu ni jambo jingine, na hilo una haki ya kuliepuka.

Usingoje siku ya sherehe ndipo ukatae mbele za watu, kwa maana hapo utamwaibisha mzee, na kumwaibisha mtu mbele ya wageni wake ni kosa kubwa huku kama lilivyo kubwa kwetu Pwani. Nenda mapema, ukiwa na kaka yako mkubwa wa mazoezi anayejua Kikantoni vizuri, kwa sababu Kimandarini unachofundishwa chuoni kinaweza kumchosha mzee wa Foshan. Mweleze kwamba dini yako inakuruhusu kumheshimu yeye na walimu wake, lakini hairuhusu udi wala kusujudu, na uombe utoe saluti ya ngumi na kiganja ukiwa umesimama. Katika sherehe nilizohudhuria walimu walikubali hilo bila tabu. Waislamu si wageni katika sanaa hizi: Wahui, Waislamu wa China, wana mitindo inayojulikana kuwa yao, kama Cha Quan, na Wang Ziping wa Cangzhou, aliyezaliwa mwaka 1881 na kufariki mwaka 1973, alikuwa miongoni mwa mabingwa walioheshimiwa kupita wote China nzima, naye alikuwa Mwislamu. Ukienda msikitini siku ya Ijumaa, muulize imamu au Wahui wenyeji wakueleze wao huamua vipi mambo ya namna hii. Watakupa jibu lenye uzoefu kuliko la kwangu.

Mtoto wa Tanga amejibu:

Nawashukuru mno nyote, na Bi Saada shikamoo. Nimepandisha msimamo kama Mtaalamu alivyoelekeza, na kwenye ngazi za bweni nahisi nafuu. Ndugu Mpingo, mwalimu hunirekebisha nyonga na viwiko kila mara, na huniambia nimsukume mwenzangu naye anisukume. Ila matumizi ya miondoko ile ya polepole hajawahi kunieleza, nami nilipolelewa haikuwa adabu kumuuliza mzee "hii ni ya nini?" Je, huko kwao ni sawa kuuliza?

Mpingo amejibu:

Ni sawa, ila kuna namna ya kuuliza. Usimuulize katikati ya mazoezi wala mbele ya wazazi wa watoto wanaosubiri, na usiulize kwa sauti ya mtu anayedai haki yake. Subiri mwisho, mmiminie chai, kisha fanya mwondoko wenyewe mbele yake na useme kwamba hujui kama mkono wako unakwenda mahali panapostahili. Mzee akiwa mwalimu wa kweli hatakujibu kwa maneno. Ataushika mkono wako au atakwambia umshike, na utahisi mwilini mwako kile ambacho maelezo ya saa nzima yasingekupa. Anza na ule mwondoko wa mwanzo wa Gung Ji ambapo mikono miwili inasukuma mbele polepole vidole vya shahada vikiwa vimeinuliwa, kwa kuwa ndani yake mna kusukuma, kuzuia na kuushikilia mkono wa mpinzani, na katika matawi niliyoyaona kila mwalimu huanza kuueleza kwa upande tofauti.

Akikuonyesha, umwombe ruhusa ya kulirudia tendo hilo na mwenzako juma linalofuata, kwa nguvu kidogo, mkibadilishana. Na kama ataguna tu na kukurudisha kwenye farasi, muulize kaka yako mkubwa wa mazoezi, kwa sababu katika nyumba nyingi za kusini mzee hufundisha umbo na kaka ndiye anayefundisha matumizi, na huenda hujaambiwa hivyo kwa kuwa kila mtu anadhani unajua.

Bi Saada amejibu:

Marahaba, mwanangu. Naongeza moja tu: unapommiminia chai, mwalimu akigonga meza kwa vidole viwili ujue amekushukuru. Usiache kumimina ukidhani amekukataza.